Upepo Wenye Nyuso Mbili

Leo nataka tuzungumze habari za maafa na ngoma. Najua wapo watakaoguna kabla sijafika mbali. Watasema, huyu bwana vipi, watu wamebomokewa nyumba naye anatuletea habari za ngoma? Nawaomba wanivumilie kidogo. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Lakini katika jambo hili nadhani ni afadhali tuamshane sote.

Nianze na siku niliyoiona kwa macho yangu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Aprili, mwaka 2019. Kwa siku kadhaa Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitutangazia kwamba kimbunga kilichopewa jina la Kenneth kinakuja upande wetu wa kusini. Mji wa Mtwara ulinyamaza kama nyumba yenye msiba. Shule zilifungwa, maduka yalifungwa, na watu wa mabondeni na wa kando ya bahari waliambiwa wahamie kwenye majengo imara na sehemu za juu. Pale Mtawanya niliona familia zikitembea na magodoro kichwani, kuku mikononi, watoto wakiburutwa. Wakati huohuo niliona kundi la vijana likishuka ufukweni kwenda kukitazama kimbunga, kama vile watu wanavyokwenda kutazama meli mpya ikiingia bandarini.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, kimbunga kilipita kusini yetu. Jioni ile kilitua ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, na kule hakikuwa na masihara. Watu zaidi ya 40 walikufa, na kisiwa cha Ibo na mji wa Macomia viliharibiwa vibaya. Msumbiji ilikuwa bado haijamaliza kuzika waliokufa kwa kimbunga Idai, kilichoupiga mji wa Beira mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Kwetu sisi ilikuwa upepo wa kawaida na manyunyu. Kesho yake, sikukuu ya Muungano, watu walirudi majumbani wakicheka, na wengine wakailaumu serikali kwamba imewatisha bure.

Mimi sikucheka. Usiku ule, nikiwa nimekaa gizani na wanangu, nilikumbuka wimbo wa bibi yangu mzaa mama.

Bibi alikuwa mtu wa Lindi, akaolewa huku Mikindani. Alipokuwa akitwanga na jirani yake, wakipokezana mchi katika kinu kimoja, alikuwa na wimbo wake mmoja ambao sikupata kuusikia kwa mtu mwingine. Ulihesabu vitu: minazi iliyolala, mapaa yaliyoruka, mitumbwi iliyokutwa juu ya nchi kavu. Mwishoni ulikuwa na onyo, kwamba upepo una nyuso mbili. Ukikupa uso wa kwanza ukanyamaza, usitoke nje, maana uso wa pili uko njiani. Sisi watoto tulidhani ni mafumbo ya wakubwa, pengine yanahusu mume mwenye wake wawili. Nilipomwuliza, alinitania kama mabibi wanavyowatania wajukuu: "Mume wangu, wewe kula ugali, habari za upepo utazijua ukikua." Nilikua, nikasoma, nikapata kazi, wala sikurudi kumwuliza tena.

Naam, ndugu zangu, wimbo ule ulikuwa historia. Tarehe 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kikali kilitoka baharini kikaipiga pwani ya kusini mwa Tanganyika, na mji wa Lindi ndio ulioumia zaidi. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Nyumba zilibomoka, na minazi na mikorosho iling'olewa. Ilikuwa miaka ileile ambayo Waingereza walikuwa wakijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga uliokwisha kufa. Ukifungua vitabu vya historia ya kusini utakuta kurasa nyingi za karanga. Za kimbunga utatafuta kwa kurunzi.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Miaka 80 kamili kabla ya hapo, tarehe hiyohiyo 15 Aprili, mwaka 1872, kimbunga kingine kiliipiga Unguja. Merikebu za Seyyid Barghash, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili katika kiti, ziliharibiwa bandarini. Mikarafuu ya Unguja, kiasi cha theluthi mbili yake, ilianguka. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Siku moja ya upepo iligeuza uchumi wa visiwa hadi leo.

Kwa nini mambo haya hutupata kwa nadra? Wataalamu wanatueleza kwamba kimbunga hupata mzunguko wake kutokana na kujizungusha kwa dunia yenyewe, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta. Tena kisiwa cha Madagaska kimekaa kama ngao, kikivipokea vingi vitokavyo mashariki. Ndiyo maana Beira na Madagaska hupigwa mara kwa mara, ilhali sisi tunaweza kukaa umri mzima wa mtu bila kukiona. Lakini nadra si kamwe. Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na mwambao wetu, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, hata sisi wa Mtwara tukabaki kama watu wa kisiwani. Desemba ya mwaka huohuo kimbunga Chido kiliiponda Mayotte, kisha kikatua Cabo Delgado kwa mara nyingine, na watu wapatao 120 wakafa Msumbiji.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Jambo linalokuja kila mwaka, mtu hujifunza kwa uzoefu. Mkulima hafundishwi masika kwa wimbo; anayaona. Lakini jambo linalokuja baada ya miaka 80 haliwezi kukumbukwa na mtu mmoja. Aliyeliona hufa kabla halijarudi. Lazima liwe na chombo cha kulibeba kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na mjukuu amkabidhi mjukuu wake. Kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na karatasi, chombo hicho kilikuwa sanaa.

Turudi kwenye onyo la bibi. Kimbunga kina kitu kiitwacho jicho. Ni sehemu ya katikati yenye utulivu, na upepo huizunguka kama pia. Jicho likipita juu ya mji, upepo hukoma ghafla, pengine hata jua huonekana. Mtu asiyejua hutoka nje kushukuru Mungu, kutafuta mbuzi wake, kuokota mabati. Baada ya muda upande wa pili wa kimbunga hufika, na safari hii upepo huvuma kutoka upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Nyumba iliyolegezwa kutoka mashariki hupigwa kutoka magharibi. Bibi yangu hakusoma jiografia hata siku moja, lakini alikuwa ameyatia maarifa hayo ndani ya kinu. Wale vijana niliowaona wakishuka ufukweni walikuwa wamesoma jiografia, lakini wimbo hawakuwa nao.

Msidhani nasifia mambo ya zamani kwa sababu tu ni ya zamani. Upo ushahidi mzito. Katika nchi ya Indonesia kipo kisiwa kiitwacho Simeulue. Mwaka 1907 mawimbi makubwa ya tetemeko, yale tunayoyaita tsunami, yaliua watu wengi kisiwani humo. Waliobaki waliyapa mawimbi hayo jina lao wenyewe, smong, wakayatia katika hadithi, katika nyimbo za kubembeleza watoto na katika mashairi yanayoimbwa kwenye sherehe. Mafundisho yake ni mafupi: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni milimani. Miaka 97 ikapita. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ikarudi nyuma tena. Katika jimbo la Aceh, ambalo kisiwa hicho ni sehemu yake, walikufa watu zaidi ya 150,000. Simeulue, iliyokuwa karibu kabisa na kitovu cha tetemeko na yenye watu wapatao 78,000, walikufa 7. Hapakuwa na king'ora wala simu ya onyo. Palikuwa na wimbo.

Mawimbi yaleyale, ndugu msomaji, yalivuka Bahari ya Hindi yote yakafika hadi kwetu siku hiyohiyo, na watu wapatao 10 walikufa hapa Tanzania, wengi wao wakiwa vijana waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Je, sisi tumeyatungia wimbo gani ambao mtoto wa Msimbati au wa Mikindani anaujua leo? Hebu kila mmoja ajiulize.

Hayo ni ya onyo. Sasa tuje kwenye suala la watu kuinuka baada ya kupigwa, maana hapo ndipo watu hugombana nami.

Wengi hudhani ngoma ni starehe ya watu walioshiba, na kwamba ikija shida ngoma hukaa kando. Historia yetu inasema vingine. Chukueni mfano wa beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za Wazungu. Ilisambaa Afrika Mashariki yote pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu kusini vita vile vilipita kwa miguu, hadi Novemba 1917 Wajerumani walipouvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma yao waliacha vijiji vilivyoporwa chakula na vijana waliokufia upagazini, na mwaka uliofuata ikaja homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Baada ya maafa hayo vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilistawi kuliko kabla. Ukivitazama juu juu utaona watu wanacheza kwa paredi na vyeo vya kujipachika. Ukivitazama kwa ndani utaona wanachama wanachangishana fedha, wanauguzana, wanazikana, wanampokea mgeni asiye na ndugu mjini. Ngoma ilikuwa mlango. Ndani ya nyumba palikuwa na chama cha kufa na kuzikana.

Huo ndio utendaji kazi wa jambo lenyewe. Watu waliotawanywa na maafa hawakosi mahindi peke yake. Wanakosa orodha ya nani yuko wapi, nani mzima, nani kiongozi, zamu ni ya nani. Kikundi cha ngoma kina vitu hivyo vyote tayari: kina mkubwa wake anayesikilizwa, kina mweka hazina, kina watu waliozoea kuitikia kwa pamoja. Wanaoweza kuitikia wimbo pamoja wanaweza kuinua boriti pamoja.

Aidha, ipo kazi ya kurudisha kalenda. Huku kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao huwapeleka watoto jandoni na unyagoni baada ya mavuno, vyakula vikiwamo ghalani. Mwaka wa njaa shughuli hiyo huahirishwa, kwa sababu hakuna cha kuwapa wageni. Kimbunga cha Aprili hukuta mazao yakiwa shambani bado, kwa hiyo hakivunji nyumba tu, huvunja na mwaka wa watu. Wavulana waliokuwa wawe watu wazima hubaki watoto. Basi siku ngoma inapolia tena, na lipiko lenye kinyago usoni linapotoka porini watoto wakikimbia, kijiji hakichezi tu. Kinatangaza kwamba ghala lina kitu, kwamba hesabu ya miaka imeanza upya. Ukitaka kujua kama kijiji cha kusini kimepona, usihesabu mabati mapya. Uliza kama mwaka huu kuna jando.

Na wachongaji je? Tangu zama za mkonge, Wamakonde wengi wa Msumbiji waliuvuka Ruvuma kukimbia kazi za kulazimishwa za Wareno, wakaja kufanya vibarua katika mashamba ya Mikindani na Lindi. Wengine walifuata baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Ni watu hao, waliopoteza vijiji, ndio walioupa ulimwengu ule mtindo wa kuchonga gogo moja la mpingo likawa watu wengi, mmoja juu ya mwingine, wameshikana hata huwezi kumwondoa mmoja bila kuvunja wote. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Baadaye tukauita mtindo huo Ujamaa, watalii wakaununua. Mimi nikiutazama naona watu waliokuwa wametawanyika wakijikusanya tena katika mti mmoja.

Hata matajiri wanalijua jambo hili. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 kule Japani, iliyoua watu zaidi ya 18,000, vijiji vingi vya pwani ya kaskazini mashariki vilipoteza ngoma zao na vinyago vyao vya simba na vya paa. Wenyewe wangali wanalala katika makazi ya muda, walianza kuvitafuta katika vifusi na kuomba michango ya kutengeneza vingine, ili wawachezee marehemu wao na wapate sababu ya kukutana. Hao ni watu wenye benki na bima.

Sasa nijibu hoja ya wenye kuguna. Wanasema mwenye njaa hana miiko, mpe chakula kwanza. Nakubali kabisa. Chakula kwanza, maji safi, dawa na hema. Anayepeleka tarumbeta mahali penye kipindupindu ni mwendawazimu. Tena nawaongezea hoja nyingine wenyewe: kuna ngoma nyingine haziponyi mtu. Nimeona kina mama waliofiwa wakipangwa mstari juani, wakivalishwa fulana mpya, wacheze kwa sababu mgeni mkubwa anakuja kukabidhi magunia ya unga. Hiyo ni kodi wanayotozwa wenye shida. Sanaa inayomponya mtu ni ile anayoianzisha mwenyewe, kwa wakati wake na kwa ajili ya watu wake.

Ninachodai ni kidogo. Kwanza, kamati za maafa za wilaya na za vijiji ziwatambue viongozi wa vikundi vya ngoma, kwaya, kasida na dufu, ziwaingize katika kamati kabla ya maafa na si baada yake, maana hao ndio wenye uwezo wa kukusanya watu kwa nusu saa. Pili, shule zetu za pwani, kuanzia Msimbati hadi Kilwa, ziwape watoto kazi ya kutunga nyimbo za kimbunga na za mawimbi, zenye onyo lililo sahihi, lililohakikiwa na wataalamu wa hali ya hewa. Mji huu umezaa tamasha la MaKuYa, lililounganisha majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao. Hatuwezi kusema hatuna wajuzi. Tatu, na hili ndilo la haraka, tuwasikilize waliobaki.

Nasema haraka kwa sababu hesabu haidanganyi. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1952 alikwisha kutimiza miaka 80. Wazee hao wapo Lindi, wapo Mikindani, wapo vijijini, wamekaa barazani wakisuka ukili au wakitafuna tambuu. Kila mwezi tunawazika. Kila mmoja anaondoka na kipande chake cha ile siku, na pengine na wimbo wake. Leo karibu kila kijana ana simu yenye kinasa sauti mfukoni, anainasa nyimbo za watu wa Marekani, na bibi yake yuko uani anatwanga.

Nami sina haki ya kumnyooshea mtu kidole. Bibi yangu alifariki miaka mingi kabla ya Kenneth. Usiku ule wa tarehe 25 Aprili nilijaribu kuwaimbia wanangu wimbo wake ili wasiogope. Sauti ya wimbo ninayo, mapigo ya mchi ninayo, na lile onyo la mwisho ninalo. Lakini zile beti za katikati, zilizotaja mitaa na watu, na kueleza watu walipanda wapi wakasalimika, zimenitoka zote. Mwanangu mdogo aliniuliza, "Baba, halafu?" Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, mwulize leo. Usingoje upepo unyamaze.

Hadi wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.